Kifafa cha mimba huanza lini? Majibu ya kondo la wiki ya kumi na moja

Kwa kanuni za kitabibu, prieklampsia, yaani ugonjwa wa presha ya mimba unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, haitajwi kabla ya wiki ya 20 ya mimba. Presha iliyopanda mapema kuliko hapo kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni ya siku nyingi, mama alikuja nayo. Ikishapita wiki ya 20, presha ikafika 140 kwa 90 au zaidi, na mkojo ukaonyesha protini, au figo, ini, damu au ubongo vikaanza kusumbua, ndipo daktari huandika jina la ugonjwa kwenye kadi. Wengi hugundulika mimba ikiwa na miezi saba, minane au tisa. Wengine hugundulika wakiwa wameshadondoka kwa degedege, na hapo ndipo watu husema amepatwa na kifafa cha mimba.

Ila ugonjwa wenyewe ni mkongwe kuliko tarehe hiyo ya kwenye kadi. Mizizi yake iko katika wiki za mwanzo kabisa, wakati mwanamke pengine ndiyo kwanza amekosa hedhi mara mbili na hajamwambia hata mama yake. Ndiyo maana tangu miaka ya 2000 kuna watafiti wanaoulizana swali moja: tukisoma jeni zinazofanya kazi ndani ya kondo la nyuma la wiki ya 10 au 11, je, tutaweza kumtambua mama atakayeugua wiki ya 32? Dalili zipo kweli, na zinaonekana mapema kuliko wengi walivyodhani. Kutoka kwenye dalili hizo hadi kwenye kipimo cha kumsaidia mtu kliniki, hata hivyo, kuna mitego ambayo habari fupi za mitandaoni huiruka, na mingine inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba prieklampsia huwapata wanawake 3 hadi 8 katika kila wajawazito 100, na kwamba kila mwaka huua akina mama wapatao 46,000 pamoja na watoto wapatao 500,000, ama wakiwa tumboni ama muda mfupi baada ya kuzaliwa. Idadi kubwa ni wa nchi kama zetu.

Tuanze na kondo lenyewe. Wengi tunalijua kama kitu kinachotoka baada ya mtoto, kikazikwa au kikatupwa, kazi ikaisha. Kwa kweli ni kiungo cha ajabu, na la kwanza la kukumbuka ni kwamba si kiungo cha mama. Linatokana na tabaka la nje la kiinitete, seli ziitwazo trofoblasti, na nusu ya jeni zake zimetoka kwa baba. Jeni mojawapo muhimu mle haikuanza hata kuwa ya binadamu: ilitoka kwa kirusi kilichojipenyeza kwenye DNA ya mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita. Leo jeni hiyo hutengeneza protini ya sinsitini, inayoziunganisha seli za trofoblasti ziwe tabaka moja lisilo na mipaka, nalo ndilo linaloogelea katika damu ya mama na kupitisha chakula na oksijeni kwa mtoto. Katika makondo ya wenye prieklampsia, sinsitini imekutwa ikiwa pungufu.

Trofoblasti nyingine hazikai hapo. Zinachimba kuingia kwenye ukuta wa mji wa mimba hadi zikafikia ateri ndogo zilizojipinda zinazoleta damu. Zikifika, hula misuli ya ateri hizo na kuzigeuza kuwa mirija mipana isiyoweza tena kujikaza. Mwanzoni seli hizo huziba kabisa midomo ya ateri, kwa hiyo hadi karibu wiki ya 10 damu ya mama inayofika ni kidogo mno na mtoto hulishwa na majimaji ya tezi za mji wa mimba. Kisha vizibo hulegea. Kati ya wiki ya 8 na ya 12 oksijeni ndani ya kondo hupanda karibu mara tatu.

Kazi hiyo ya kuchimba na kupanua ikifanyika nusunusu, ateri zinabaki nyembamba. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, ubane mdomo: maji yanaruka kwa kasi, yanachimba udongo na kung'oa miche. Uachie mdomo, maji yaleyale yanatiririka taratibu na kitalu kinanywa. Ndivyo ilivyo ndani ya kondo. Damu inayoingia kwa kasi kupitia ateri nyembamba huumiza vijitawi laini vya kondo, na ile oksijeni ya kupanda na kushuka huliweka kondo zima katika dhiki. Kondo lenye dhiki humwaga vitu kwenye damu ya mama. Kinachojulikana zaidi ni protini iitwayo sFlt-1, ambayo hunasa protini nyingine, PlGF na VEGF, ambazo mishipa ya mama inazihitaji ili ibaki na afya. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi huko Boston lilionyesha kwamba panya wakiongezewa sFlt-1 hupanda presha na kutoa protini kwenye mkojo. Mwaka uliofuata ikaonekana kwa wanawake kwamba kiwango chake huanza kupanda takriban wiki 5 kabla ya dalili.

Na mwaka 2017 uchunguzi wa jeni za maelfu ya watoto waliozaliwa na akina mama wenye ugonjwa huu ulikuta tofauti karibu na jeni ya FLT1, ile inayotoa protini hiyo. Ni jeni za mtoto, si za mama. Nalisisitiza hili kwa sababu bado wapo wanaosema mwanamke aliyepatwa na degedege kaingiliwa na shetani, au kafanya jambo, au kuna mkono wa mtu. Kuna waliopoteza maisha wakizungushwa kwa waganga. Sehemu kubwa ya chanzo iko kwenye kiungo ambacho yeye na mumewe wamekichangia sawasawa, na hakuna aliyekosea.

Sasa jeni. Kila seli ya mwili ina jeni zapata 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, lakini seli haizitumii zote kwa pamoja. Inayotumika hunakiliwa kwanza kuwa RNA, na nakala zikiwa nyingi maana yake jeni hiyo inafanya kazi kwa nguvu. Kwa hiyo ukihesabu nakala za RNA ndani ya kipande cha kondo, unapata picha ya kazi inayoendelea mle siku hiyo. DNA ingekuambia kinachowezekana. RNA inakuambia kinachofanyika. Hiyo ndiyo sababu watafiti wa mimba wanaipenda.

Tatizo ni kupata hicho kipande. Kondo linalopatikana kwa urahisi ni la siku ya kujifungua, na kondo la mama aliyekwisha kuugua linaonyesha majeraha ya ugonjwa pamoja na chanzo chake, vimechanganyika. Huwezi kutofautisha moshi na moto. Kondo la wiki ya 11 la mimba inayoendelea hupatikana kwa njia moja tu iliyokubalika: kipimo cha kuchukua vijitawi vya kondo, kinachofanywa kwa wachache wenye hofu ya kasoro za kromosomu. Mtaalamu, akitazama picha ya ultrasaundi, hupitisha sindano ndefu tumboni au mrija mwembamba kwenye shingo ya kizazi, akavuta miligramu chache. Kwenye kisahani cha maabara, chini ya darubini, vijitawi huonekana vyeupe, vimechanua ndani ya maji. Vipande vya utando wa mama havina umbo hilo, na huondolewa kwa kibano, kimoja baada ya kingine. Vijitawi vilivyosafishwa hupelekwa kupimwa kromosomu. Wakati mwingine hubaki ziada.

Ziada hiyo ndiyo aliyoiomba Sandra Founds wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, na wenzake. Waligandisha mabaki ya wanawake 160, yaliyochukuliwa kati ya wiki ya 10 na ya 12, wakasubiri mimba zimalizike. Wanne walipata prieklampsia. Sampuli zao zikalinganishwa na za wanawake 8 waliojifungua salama, na mwaka 2009 matokeo yakachapishwa: jeni 36 zilikuwa zikifanya kazi kwa kiwango tofauti, miezi kadhaa kabla presha ya yeyote kati yao haijapanda.

Wanne ni wachache mno, nao watafiti walilijua hilo. Lakini thamani ya kazi ile haikuwa kutoa kipimo. Ilionyesha kwamba tofauti ipo mapema hivyo, na data zake zikaachwa wazi kwa wengine.

Mwaka 2015 María Rabaglino na Kirk Conrad wa Florida walizichukua data hizohizo wakaziuliza swali jingine. Nyingi kati ya jeni zilizotofautiana, walikuta, ni zile zinazobadilika wakati utando wa ndani wa mji wa mimba unapojiandaa kupokea mimba. Yaani ni kazi ya mwili wa mama, si ya kondo. Hakuna kibano kinachoondoa kila seli ya mama, na mara hii seli zilizosalia ziligeuka kuwa ushahidi: huenda shamba halikuandaliwa vizuri kabla mbegu haijaanguka. Miaka miwili baadaye watafiti wa Hispania na Marekani walichukua seli za utando huo kutoka kwa wanawake waliowahi kuugua prieklampsia kali, wakazikuza maabara, wakaona zinashindwa kujiandaa ipasavyo hata mimba ikiwa imeshapita zamani. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika utafiti huu, kwa sababu likithibitika kwa watu wengi zaidi, dalili zingeweza kutafutwa hata kabla ya kushika mimba.

Kuna mtego mwingine, wa kondo lenyewe. Mwaka 2021 timu ya Cambridge, Uingereza, ya Tim Coorens na wenzake ilionyesha kwamba kila kipande cha kondo la binadamu kinatokana na seli yake ya mwanzo, chenye mabadiliko ya DNA ya peke yake, hata katika mimba zenye afya kabisa. Kondo ni viraka. Sindano iliyochota upande wa kushoto haisemi lolote la uhakika kuhusu upande wa kulia.

Halafu kuna muda. Kumbuka ile oksijeni inayopanda mara tatu: jeni nyingi hubadilika kwa sababu hiyo tu. Mama wa wiki 10 na siku 2 akilinganishwa na mwenziwe wa wiki 12, utaona tofauti kibao zisizohusiana na ugonjwa wowote. Tafiti nyingi za zamani zinazogongana zimegongana hapo. Na kipande kimoja kina aina nyingi za seli. Jeni ikionekana imepungua, pengine seli zinazoitumia ndizo zimepungua. Ndiyo maana uchambuzi wa seli mojamoja umekuwa muhimu sana. Mwaka 2018 Roser Vento-Tormo na wenzake walichapisha ramani ya seli zipatazo 70,000 kutoka mahali kondo linapokutana na mama katika miezi mitatu ya kwanza, na tangu hapo mtu anaweza kusema ni seli gani hasa inayozungumza.

La mwisho kuhusu mitego: prieklampsia pengine si ugonjwa mmoja. Watafiti wa Toronto, Katherine Leavey na Brian Cox, walichambua makondo 330 na kuacha kompyuta iyapange yenyewe kwa jeni zake bila kuambiwa nani aliugua. Yakajitenga mafungu kadhaa. Kundi moja la wagonjwa lilikuwa na makondo yenye dhiki waziwazi na watoto waliodumaa. Jingine lilikuwa na makondo yasiyotofautika na ya kawaida, kana kwamba shida ilikuwa kwa moyo na mishipa ya mama. Lipo pia lenye alama za mapambano ya kinga. Ukiwatia wote hawa kwenye kapu moja na kutafuta jeni moja ya kutabiri, utahangaika bure.

Kwa yote hayo, huwezi kuwachoma wajawazito wote sindano ya kondo. Kipimo hicho kina hatari ndogo ya kuharibu mimba, na gharama yake ni kubwa. Njia imepatikana kwenye damu. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba DNA ya mtoto huelea katika damu ya mama, na miaka michache baadaye ikajulikana kwamba RNA ya kondo nayo imo. Kondo humwaga mabaki yake kila siku. Mrija wa damu ya mkononi, kumbe, unabeba habari za kondo zima, viraka vyote pamoja.

Mwaka 2022 zilitoka tafiti mbili kubwa. Moja, ya Mira Moufarrej na Stephen Quake wa Chuo Kikuu cha Stanford, ilipata jeni 18 ambazo RNA zake katika damu iliyochukuliwa kati ya wiki ya 5 na ya 16 zilitenganisha waliokuja kuugua na wasiougua. Nyingine, ya kampuni ya Mirvie na washirika wake, ilitumia damu kutoka mimba 1,840 na kutambua asilimia 75 ya waliokuja kuugua, wastani wa wiki 14.5 kabla ya kujifungua. Kati ya walioambiwa wako hatarini, karibu theluthi moja tu ndio waliougua kweli.

Theluthi moja inaweza kumkatisha mtu tamaa, kwa hiyo tufanye hesabu ya mfano. Wajawazito 1,000, na 30 kati yao wataugua. Tuseme tuna kipimo kizuri kinachokamata 90 katika kila wagonjwa 100 na kinachowaacha kwa amani 90 katika kila wazima 100. Kitawapata 27 kati ya wale 30. Lakini kitawatisha pia wazima 97. Hao 124 walioitwa, 97 wameitwa bure. Kipimo hakina kosa. Ugonjwa usiowapata wengi siku zote huleta hesabu hiyo. Suala linakuwa: ukimwita mtu bure, unampa nini? Ukimpa upasuaji, umemdhulumu. Ukimpa kidonge cha bei nafuu na miadi ya kupimwa presha mara kwa mara, hajapoteza kitu kikubwa.

Na kidonge hicho kipo. Katika jaribio la ASPRE, lililochapishwa mwaka 2017, wanawake waliokuwa hatarini walipewa miligramu 150 za aspirini kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14, wakaacha wiki ya 36. Prieklampsia ya kabla ya wiki ya 37, ile inayoua zaidi na kuwatoa watoto wakiwa njiti, iliwapata asilimia 1.6 dhidi ya asilimia 4.3 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Walichaguliwaje? Kwa historia yao, presha, kipimo cha mtiririko wa damu kwenye ateri za mji wa mimba, na protini mbili za damuni: PlGF na PAPP-A. Protini hizo mbili ni zao la jeni za kondo. Kwa hiyo kutabiri kwa kutumia kazi ya jeni za kondo changa si ndoto ya kesho. Kwa njia hii ya protini kunafanyika tayari katika hospitali nyingi za Ulaya.

Huku kwetu hali ikoje? Sampuli zinazotumika kufundishia vipimo hivi nyingi ni za Marekani na Ulaya, na wanawake wa huko wana uzito, lishe na maradhi tofauti na ya kwetu. Malaria peke yake hukaa kwenye kondo na kubadilisha jeni zinazofanya kazi mle. Ndiyo maana nafurahi kuona Pemba kwenye ramani. Maabara ya Ivo de Carneri pale Chake Chake ilikuwa mojawapo ya vituo vitatu vya mradi wa AMANHI, pamoja na Sylhet ya Bangladesh na Karachi ya Pakistan, uliohifadhi damu, mkojo na vipande vya kondo vya maelfu ya akina mama walioandikishwa kabla ya wiki ya 20. Kenya, mradi wa PRECISE umewafuatilia wajawazito wa Rabai na Mariakani, kaunti ya Kilifi, ukilenga hasa maradhi yanayotokana na kondo: presha, watoto kudumaa tumboni, na watoto kufia tumboni. Bila akina mama hao, kipimo kitakachouzwa kwetu kingekuwa hakijawahi kumwona mtu kama sisi.

Kikwazo kilichobaki ni cha kalenda. Aspirini hufanya kazi vizuri ikianza kabla ya wiki ya 16, kondo likiwa bado linajengwa, na kipimo chochote cha RNA kitataka damu ya kabla ya hapo. Wanawake wengi wa kwetu huenda kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Wengine wanaogopa kuitangaza mimba changa isije ikatoka, wengine hawana nauli, wengine walienda mapema wakaambiwa warudi tumbo likionekana. Hilo la mwisho linaniudhi sana, maana mama alifanya jambo sahihi akarudishwa.

Hadi vipimo vya RNA vifike, maswali ya mdomo yanatambua sehemu nzuri ya walio hatarini: umewahi kupata prieklampsia au kifafa cha mimba? Una presha ya siku nyingi, kisukari, ugonjwa wa figo au lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe)? Ni mapacha? Ni mimba ya kwanza, umepita miaka 35, uzito ni mkubwa, mama au dada yako aliugua? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya yale ya mwanzo, au kwa zaidi ya moja kati ya haya ya mwisho, linatosha kumuuliza mkunga au daktari kuhusu aspirini. Usiianze mwenyewe, maana wapo wasiofaa kuitumia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku kwa walio hatarini, zianze kabla ya wiki ya 20, na ikiwezekana wiki ya 12. Linapendekeza pia vidonge vya kalsiamu pale ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, na jaribio la wanawake 11,000 wa Dar es Salaam, lililochapishwa mwaka 2024 pamoja na jingine la India, lilionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku hazizidiwi na 1,500 katika kuzuia prieklampsia. Kidonge kimoja badala ya vitatu.